Jina Aliloitwa Majini

Jioni ya tatu tangu warudi kutoka likizo, Albertine alisimama nje ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, akapiga hodi.

Clément alikuwa mezani, akisafisha lenzi ya mashine ya sinema kwa kitambaa laini. Alidhani ni jirani. "Karibu," akasema bila kuinua kichwa. Mlango haukufunguka. Hodi ikaja tena, taratibu, kama ya mtu mzima asiyependa kusumbua watu. Alipofungua alimkuta mkewe amesimama na ndoo ya maji kichwani, macho chini.

"Unapiga odi juu ya nini? Haiko nyumba yako?"

"Nyumba ya mutu haiingiwe bule," akajibu Albertine.

Aliingia, akatua ndoo, akaketi sakafuni na kunyoosha miguu mbele yake, ingawa viti vinne vilikuwa vitupu. Clément akacheka. Alidhani anafanyiwa mzaha, kwa sababu Albertine alikuwa mtu wa mizaha. Kisha akasikia harufu. Ilikuwa harufu ya jiwe lililokaa majini muda mrefu, lenye ukungu wa kijani upande wa chini, na ilitoka kwenye nywele za mkewe.

Usiku ule Albertine alitandika mkeka jikoni.

"Kitanda iko na nini?" Clément akauliza.

"Haifai."

Alisema hivyo tu, bila hasira, kama mtu anayemkumbusha mtoto jambo ambalo angepaswa kulijua.

Likizo yenyewe ilitoka kwenye filamu. Clément ndiye aliyeendesha mashine katika ukumbi wa klabu ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba, na mwezi wa sita uliletwa mkebe wenye filamu ya vijana wanne wa kizungu waliokwenda kupumzika porini, kando ya ziwa, na hema na gitaa. Mmoja baada ya mwingine hawakurudi. Ukumbi mzima uliwashauri kwa sauti kubwa.

"Motokari iko pale! Mupande, muende!"

"Mama, usitoke mu tente! Usitoke! Aa, ametoka. Sawa, akufe."

Albertine, kwenye benchi la mbele, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya kitenge. Walipokuwa wakirudi nyumbani, mtaa wa Kamalondo, alimshika mkono. "Clé, na sisi tuende vacances. Mu pori, na tente, sawa vile bale."

"Na kitu ikitukula?"

"Bale bazungu habakuuliza mwenyeji hata moya. Sisi tutauliza."

Waliuliza, na waliambiwa. Hilo ndilo lililomuuma Clément baadaye, kuliko mengine yote.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na habari ya majina. Miaka miwili nyuma serikali ilikuwa imefuta majina ya ubatizo, na kila mtu alitakiwa achukue jina la wazee wake na aitwe Citoyen, yaani raia, au Citoyenne kama ni mwanamke. Albertine alikuwa amelala na malaria wiki ile, kwa hiyo Clément alipanga foleni kwenye ofisi ya komini akajaza fomu za wote wawili. Yeye mwenyewe alichukua Kalaba, jina la babu yake, mwindaji ambaye wake zake walikuwa wakinyamaza aingiapo uani. Kwenye fomu ya mkewe aliandika Mwaba. Lilikuwa jina la mama yake, aliyezikwa Sakania miaka saba kabla.

Albertine aliishika kadi mpya, akaisoma mara mbili.

"Mama yangu anaitwa Kapinga. Kwa nini hukuandika Kapinga?"

"Nilitaka kumuheshimu marehemu."

"Mwenyewe ungeitwa Mwaba, basi." Akaiweka kadi chini ya godoro. "Mimi, mu moyo yangu, niko Albertine. Bakuye bafute na kule."

Clément hakucheka. Émile, fundi wa umeme aliyefanya kazi naye miaka kumi, alikuwa ameteremshwa cheo kwa kumwita mwanawe jina la kanisani mbele ya watu wa chama. Tangu siku hiyo Clément alimfundisha mkewe hata wakiwa peke yao. Akisema Clément, hamjibu mpaka aseme Kalaba. "Ukinizoea vile mu nyumba, utateleza mbele ya batu," alimwambia. Albertine alijitahidi, na mara nyingi aliteleza.

Gari la kwenda porini alilitoa Citoyen Chanda, mkuu wa chama katika mtaa wa wafanyakazi, mtu mnene mwenye kucheka sana na kukumbuka kila kitu. Alikuwa na Land Rover na alipenda nyama ya pori. Alisema atawapeleka mwenyewe, na mtu kama yule huwezi kumwambia hapana. Walipita njia ya Sakania, wakaacha barabara, wakafika kitongoji cha mwisho, ambako mkulima mmoja, Musonda, aliwaonyesha njia ya kushuka kwenye maporomoko ya mto. Albertine ndiye aliyemwuliza kama kuna miiko.

"Moya tu," Musonda akasema. "Mu ile maji iko ngulu. Haiko mubaya. Ni kama jini mwenye kupenda bageni, anapenda kubabakisha. Basi, saa ya kutoka, kila mutu aliyeingia mu maji, mwenzake amuite na jina yake. Jina yenye moyo inajua. Hapo anatoka muzima."

"Na kama haitwe?"

"Kitu kinatoka," Musonda akasema. "Lakini."

Chanda alicheka, akasema chama hakina habari na ngulu. Siku mbili zilikuwa nzuri. Walikaanga samaki, walioga chini ya maporomoko, Albertine akaimba kwenye mwangwi wa miamba. Asubuhi ya kuondoka, Clément na Albertine walishuka kuoga mara ya mwisho. Chanda hakuwahi kuingia majini. Alikuwa juu kidogo, hatua kumi hivi, akifunga mizigo kwenye Land Rover.

Albertine, akiwa bado ndani ya maji mpaka kifuani, alikumbuka mwiko. Aliweka mikono mdomoni, akaita kwa sauti ya furaha: "Clément, tuende!"

Chanda aliacha kufunga kamba. Akainua kichwa, akatazama chini kwao, akitabasamu.

Clément alitoka majini. "Hapa hakuna Clément!" akafoka, kwa sauti ya kusikika juu. "Iko Citoyen Kalaba!" Kisha, kwa kuwa Chanda bado anatazama, na kwa kuwa mkewe alikuwa akimngoja yeye, maji yakimzunguka, akaita: "Citoyenne Mwaba, tuende!"

Albertine hakutoka mara moja. Alimtazama kwa muda, kinywa wazi kidogo, kama mtu aliyenyoosha mkono apokee kitu na hakupewa. Halafu akazama. Alipoibuka alitembea hadi ukingoni bila kujifuta maji usoni, akajifunga kitenge chake, akaenda kuketi kwenye gari. Njia nzima mpaka Lubumbashi hakusema neno. Clément aliona amekasirika, akamwacha.

Baada ya ile hodi ya jioni ya tatu, mambo yalikuja pole pole. Albertine aliacha viatu. Aliacha kuimba. Alipika bukari, ule ugali wa kwao, kwenye mbabula ya makaa uani, hakutaka tena jiko la umeme, na kabla ya kusonga alirusha unga kidogo motoni. Clément alimwona akifanya hivyo, akasimama palepale na mkoba wa kazi mkononi, kwa sababu mtu mmoja tu duniani alikuwa akirusha unga motoni vile, kwa vidole viwili, akigeuza uso pembeni. Kila alipopita, sakafu ilibaki na alama za nyayo zenye maji, na maji hayo hayakukauka upesi, na ukiyagusa yalikuwa baridi kuliko maji ya ndoo. Alasiri, saa ambazo redio za majirani hunyamaza, ilisikika sauti ya mto kwa mbali, na ukiifuata kutoka chumba hadi chumba unamkuta yeye amelala mkekani, kinywa wazi, na sauti inatoka humo.

Wiki ya pili Clément alikuwa akila peke yake mezani. Albertine, kutoka sakafuni, alimtazama anavyotafuna, akatabasamu.

"Kula, mutoto ya mvula," akasema.

Kijiko kilimtoka mkononi. Alizaliwa njiani, siku ya mvua kubwa, na mama yake alimwita jina hilo mpaka alipoanza shule. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote. Albertine hakulijua.

Hapo alijua, na hakufanya kitu. Alijiambia ni uchovu, ni homa, atampeleka kwa daktari mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi alijiambia vilevile, lakini ukweli ambao hakuweza kuutamka ni kwamba chakula kilikuwa na ladha ya utoto wake, na nguo zake zilikunjwa kama zilivyokunjwa Sakania, na usiku, akisikia ile pumzi yenye maji ikipanda na kushuka upande wa pili wa ukuta, aliogopa kwa dakika chache tu, kisha akalala fofofo kama hajalala tangu awe mtu mzima. Na mkewe, kokote alikokuwa, aliendelea kungoja.

Mwezi wa kumi, Mama Kapinga, mamake Albertine, alikuja bila kualikwa. Alikuwa mshonaji, bado ana pini kwenye ukosi wa blauzi. Alimkuta bintiye uani akipepeta unga.

"Titine."

Mwanamke yule aliinuka, akapiga magoti kwa heshima, kama wanavyosalimiana wakwe. "Karibu, mama wa muke wa mutoto wangu," akasema.

Mama Kapinga alimsogelea. Alimgusa shavu, akauondoa mkono haraka na kuupangusa kwenye kitenge chake. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango, akamkabili mkwewe ambaye kwa desturi hakupaswa hata kumtazama usoni.

"Mukwe, ule mutu haiko mutoto wangu. Inanuka kaburi ya mutoni. Mulimufanya nini?"

Clément alimsimulia, akinong'ona, macho sakafuni. Alipofika kwenye Land Rover alisita.

"Endelea."

"Nilimuita Mwaba."

"Juu ya nini?"

"Chanda alikuwa anasikia."

Mama Kapinga aliketi. Alianza kuchomoa pini moja moja ukosini na kuzichomeka tena palepale. "Yeye alikuita jina gani?"

"Clément."

"Mbele ya ule Chanda?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo mutoto wangu hakuogopa. Uliogopa wewe, mwanaume, na suruali yako." Akachomeka pini ya mwisho. "Na ulijua tangu lini?"

Mama Kapinga aliitazama sahani iliyokuwa mezani, imekombwa safi, akaelewa. "Ah," akasema. "Ulikuwa unakula."

Siku mbili baadaye Clément na yule mwanamke walipanda gari moshi la Sakania. Watu waliokaa karibu nao walihamia viti vingine, mmoja mmoja, bila kusema sababu. Waliteremka kituo kidogo, wakatembea hadi kwa Musonda. Mkulima alimtazama mgeni wa kike mara moja tu, akatema mate pembeni.

"Miezi mitatu," akamwambia Clément. "Ulikuwa wapi?"

"Anaweza kurudi?"

"Mvula haijaanza. Muto ikijaa, inashusha vyote ilivyobakisha, mpaka ku Zambia. Una siku moya, mbili." Akamsogelea. "Sikia muzuri. Kwanza ule uliyemuita, umuombe arudi. Umuombe, usimufukuze, hana kosa. Halafu ita wako. Akitoka, yeye naye akuite, maana mutu hawezi kujiita mwenyewe. Umwambie mara moya, mbele hajafungua kinywa: aseme jina gani."

"Huji na sisi?"

"Ile maji inanijua sana. Nitangojea hapa."

Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, nzi wakilia juu ya mawe. Maji yalikuwa yamepungua. Mwanamke alitangulia bila kuonyeshwa njia, akasimama kwenye mwamba.

"Mama," Clément akasema. Hakuwa amemwita hivyo miezi yote mitatu, hata alipokuwa akipakuliwa na mkono wake. "Nakuomba, urudi."

"Nilikuwa nimelala muzuri," akasema. "Wewe njo ulikuya kuniita."

"Ndiyo, mama."

"Miaka yote ile hakuna mutu aliniita. Nikasema, mutoto yangu iko na shida." Alimtazama kwa macho ya Albertine. "Ulikosea jina, ao ulikosea mama?"

Mwanamke alingoja kidogo. Kisha akafungua kitenge, akakikunja pembe kwa pembe, akakiweka juu ya jiwe pakavu, akaingia majini na shimizi yake kama mtu anayekwenda kuketi. Maji yalifika kiunoni, yakafika shingoni. Yakafunga juu ya kichwa, na hayakutoa hata povu.

"Albertine," Clément akaita. Sauti ilitoka ndogo. Alitazama juu, pale Land Rover ilipokuwa imesimama ile asubuhi ya mwezi wa saba. Palikuwa na majani makavu tu. Akaona aibu, akajaza kifua hewa. "Albertine! Albertine, tuende!"

Jina lilizunguka kwenye miamba. Nzi walinyamaza. Halafu katikati ya maji kichwa kiliibuka, kikakohoa, kikatema.

"Mon Dieu, hii maji iko baridi! Clé, nipe mu—"

Alijiziba mdomo kwa kiganja. Macho yake yalikimbilia juu, kwenye njia.

Clément aliingia majini, akamvuta hadi kwenye mwamba, akamfunga kitenge, akamkumbatia. Ngozi yake ilikuwa na joto. Alinuka sabuni, ile sabuni ya mwezi wa saba. Alikuwa akilia kama hajawahi kulia, akicheka pia, na Albertine, ambaye kwake bado ilikuwa asubuhi ileile na maneno yaleyale bado yanamchoma masikioni, aliyaona machozi hayo akadhani ni woga.

"Usilie," akanong'ona. "Amesikia, ee? Ni kosa yangu. Nilikuita vibaya mbele yake. Sitarudia."

"Hapana, Titine, sikia—"

"Nyamaza, atatusikia. Ngoja, nitayatengeneza."

Alimwachia mkono. Alipanda hatua tatu kwenye njia, haraka, kitenge kikidondosha maji, na Clément akakumbuka maneno ya Musonda, akainua mkono kumzuia. Albertine alikuwa amekwisha kugeuka. Alisimama wima kama watu wanavyosimama mbele ya bendera, akaita kwa sauti kubwa na safi, ili mtu ambaye hakuwepo asikie kwamba mume wake ni raia mwema:

"Citoyen Kalaba, tuende!"

Clément alijaribu kuinua mguu. Baridi ilimpanda kutoka kwenye nyayo hadi kifuani, ingawa alikuwa amesimama juu ya jiwe kavu, na alipotazama chini hapakuwa na jiwe. Aliona mgongo. Ulikuwa na shati lake la bluu, na kovu lake nyuma ya sikio, na ulikuwa ukipanda njia mbele yake kwa hatua ndefu za mwindaji aliyezoea kufuata damu ya mnyama.

"Una njaa?" Albertine alimwuliza mtu yule, akimshika mkono kwa furaha.

Mtu yule aliutazama ule mkono mpaka ukaachia. "Tangu lini," akasema kwa sauti ya mzee, "mwanamuke anatembea mbele?"

Albertine alicheka, akingoja na yeye acheke. Kisha akaacha kucheka. Akapisha njia, akakaa nyuma yake.

Clément alimwita. Aliita Albertine, aliita Titine, aliita kwa nguvu zote, na maji yakamwingia kinywani na kulichukua jina. Pale njia inapopinda Albertine aligeuka, akasimama, akatazama mtoni kwa muda, mkono umekinga jua machoni.

"Tuende," mzee akasema.

Akaenda. Clément aliendelea kuita mpaka usiku, na siku iliyofuata aliita tena. Alasiri, upande wa Sakania, ngurumo za kwanza zikaanza.